Nina Daraja la 5 tu. Je, naweza kulipwa kuwafundisha wengine piano?

“Shikamoo mwalimu. Nimepiga piano kwa miaka 11 na nilifaulu Daraja la 5 la ABRSM, kisha sikuendelea na mitihani. Nimekuwa nikiwaelekeza ndugu na marafiki bila malipo. Sasa kituo kimoja cha sanaa kimeniomba niendeshe warsha sita za watu wazima ambao hawajawahi kugusa piano, kila Jumamosi dakika 90, watu 10 kwa pamoja. Wana piano moja ya zamani ya mbao na mbili za umeme. Wameniuliza nataka kiasi gani, na wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Sina cheti cha ualimu. Naogopa kuonekana tapeli, hasa akitokea mshiriki anayepiga vizuri kuliko mimi. Nikubali, au nisome kwanza hadi Daraja la 8?”

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako ina maswali matatu yaliyofungwa pamoja: kama kiwango chako kinatosha, kama una haki ya kupokea malipo bila cheti, na utafanya nini ukiwa mbele ya watu 10 wenye piano tatu. Jibu langu ni ukubali, ila usikubali kama walivyokuomba. Watu 10 kwa piano tatu ni wengi mno, na idadi hiyo inaweza kuiangusha warsha yako upesi kuliko Daraja la 5 ulilonalo.

Tuanze na cheti, maana ndicho kinachokunyima usingizi. ABRSM, bodi ya mitihani iliyoanzishwa London mwaka 1889, ina madaraja 8 ya upigaji. Madaraja hayo yanakupima wewe na ala yako. Hakuna hata moja linalomkalisha mbele yako mtu asiyejua kitu na kukuambia mfundishe. Ukifika Daraja la 8 utakuwa mpigaji bora zaidi, na ninakutakia ufike. Lakini siku mshiriki atakapokuuliza kwa nini kidole chake cha nne hakinyanyuki peke yake, daraja hilo halitakujibia. Kwa wanaotaka cheti cha kufundisha, bodi za mitihani ya muziki zina diploma za ualimu, na hizo zinafaa sana kwa anayetaka kuifanya kazi hii maisha yake yote. Kwa warsha sita za watu wasiojua kabisa, si sharti.

Mahali pengi mtu haombi leseni ili afundishe piano nyumbani au kwenye warsha. Shule rasmi ni jambo jingine. Huko sifa za ualimu huulizwa, na ni haki ziulizwe. Ama neno “tapeli”, naomba uliweke chini. Tapeli ni anayejitangaza kwa kitu asichokuwa nacho. Ukiandika kwenye tangazo kwamba umepiga miaka 11, una Daraja la 5 na unafundisha wanaoanza tu, atakayelipa analipa akijua anapata nini.

Sasa nije kwenye jambo linalowaangusha wapigaji wengi wanapoanza kufundisha, wakiwemo wazuri kukuzidi wewe na mimi.

Kitu ukikirudia kwa miaka, mwili hukipokea na akili huacha kukifikiria. Ulipokuwa unaanza, nota moja ilikuwa kazi sita: kuiona kwenye mistari, kukumbuka jina lake, kukitafuta kitufe chake, kuchagua kidole, kujua inadumu mapigo mangapi, na kuendelea kuhesabu huku yote hayo yakitokea. Leo kwako kazi hizo sita zimeshikana zikawa moja, wala huzioni tena. Mtu aliyeketi mbele yako bado anazibeba zote, moja moja, na akili ya binadamu haibebi mambo mengi mapya kwa wakati mmoja. Unamwambia “haya, piga mstari wa kwanza”, ukidhani umemwomba kitu kimoja. Anaganda. Wewe unadhani hana kipaji, yeye anadhani vivyo hivyo, na wote wawili mmekosea.

Mimi warsha yangu ya kwanza niliiharibu hapo hapo. Nilianza na mistari mitano na majina ya nota, maelezo mazuri, mchoro safi ubaoni. Dakika ya 40 hivi mama mmoja wa makamo aliweka mikono mapajani akabaki anaitazama piano. Nikamuuliza kama anahitaji msaada. Akaniambia kwa upole, “Mwalimu, mimi nilikuja kupiga.” Alikuwa ameketi mbele ya ala dakika 40 na hajatoa sauti hata moja. Wiki iliyofuata hakurudi. Ninamkumbuka kila ninapopanga somo la kwanza.

Kwa hiyo panga hivi: sikio na mkono kwanza, macho baadaye. Dakika kumi za mwanzo wawe tayari wanapiga. Waonyeshe kwamba vitufe vyeusi vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu, toka mwanzo wa piano hadi mwisho. Waache wavitafute viwili viwili kwa mkono wa kushoto kuelekea chini, na vitatu vitatu kwa mkono wa kulia kuelekea juu. Kisha waambie wapige vyeusi tu, wapendavyo, polepole, huku wewe ukishikilia mapigo upande wa chini, nawe ukibaki kwenye vyeusi hivyo hivyo. Vile vyeusi vitano vinaunda ngazi ya nota tano ambayo haina nusu-hatua ndani yake, yaani hakuna nota mbili zinazopakana kabisa, na ndiyo maana hakuna nota itakayogombana vibaya na mwenzake. Mtu ambaye hajawahi kugusa piano anasikia muziki ukitoka mikononi mwake siku ya kwanza. Nimewaona watu wazima wakitokwa na machozi hapo.

Ukishamaliza, nenda kwenye re, kitufe cheupe kilicho katikati ya vile vyeusi viwili. Tazama piano yako sasa hivi utaona: kutoka re, mpangilio wa kwenda kulia ni sawasawa na wa kwenda kushoto, kama uso na kioo. Mshiriki aweke gumba la kulia kwenye re moja na gumba la kushoto kwenye re iliyo okta moja chini yake, yaani re inayofuata upande wa kushoto, kisha mikono iachane, kidole kwa kidole, gumba hadi cha mwisho. Mkono wa kulia utapanda re, mi, fa, sol, la. Wa kushoto utashuka re, do, si, la, sol. Vidole vya namna moja vinasogea pamoja, hatua ni zile zile, na mwili unaupenda mwendo huo. Mikono ikipelekwa upande mmoja, kidole cha kwanza cha huku kinatakiwa kwenda na cha tano cha kule, na hapo ndipo wanaoanza hukwama. Vitabu vingi havianzi hivi. Mimi naanza hivi kwa watu wazima na sijajutia. Sauti haitakuwa tamu kila hatua, hasa pale si inapokutana na fa. Waambie mapema wasidhani wamekosea.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo lazima ulielewe vizuri, kwa sababu litakusaidia na kila mshiriki mwenye mabega yaliyopanda hadi masikioni. Piano ilibuniwa na Bartolomeo Cristofori kule Firenze, Italia, karibu na mwaka 1700, na ufundi wake ni huu: kitufe hakiugusi waya. Kitufe ni wenzo unaoirusha nyundo, na nyundo huachiliwa muda mfupi kabla haijafika kwenye waya. Inamaliza safari yake peke yake, kama jiwe lililokwisha kutoka mkononi. Kinachoamua ukubwa wa sauti ni kasi ya nyundo ilipoachiliwa. Kitufe kikishafika chini, safari ya takriban sentimita moja tu, hakuna nguvu yoyote duniani itakayoibadilisha sauti ile. Sasa mtazame anayeanza: anabonyeza, sauti inatoka, na bado anakandamiza kama anafunga mlango unaosukumwa. Mkono unakakamaa, kidole kinachofuata kinachelewa. Usimwambie “legeza mkono”, maana hajui anaulegeza vipi. Mwambie abonyeze nota moja, abaki chini, kisha apunguze nguvu kidogo kidogo mpaka kidole kibaki kimeketi tu juu ya kitufe, huku akisikiliza. Atagundua mwenyewe kwamba sauti inaendelea vilevile. Sentensi tatu na nota moja, na mara nyingi bega linashuka hapo hapo.

Nota za kwenye karatasi zianze warsha ya tatu, na zianze na zile ambazo mikono imekwisha kuzizoea. Jicho litakuta mkono unajua.

Nirudi kwenye chumba chako. Piano yenye vitufe 88 inawakalisha watu wawili bila kusongamana, mmoja upande wa juu na mmoja upande wa chini. Piano tatu ni watu sita. Hao sita ndio uwaombe, na kituo kikisisitiza 10, waambie waongeze piano mbili za umeme au wagawe kundi mara mbili na kukulipa mara mbili. Wawili wanaokaa pamoja wafanye kazi kwa zamu: mmoja anapiga, mwenzake anahesabu kwa sauti na kutazama vidole, kisha wanabadilishana. Anayetazama naye anajifunza, mradi umempa kitu mahususi cha kutazama. Kukaa bure ndiko kunakochosha darasa. Na hedifoni zitumike kwa vipindi vifupi. Warsha nzima wakiwa wamezivaa, huwasikii, na wao hawasikilizani.

Kabla hujaziweka piano hizo tatu kupiga pamoja, linganisha sauti. Piano ya umeme huja na nota la ya kati ikiwa 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Piano ya mbao iliyokaa miaka bila fundi huwa imeshuka. Zikipigwa pamoja masikio yatakereka na washiriki watadhani kosa ni lao. Kama ile ya zamani imeshuka kwa usawa, piano nyingi za umeme zina sehemu ya kurekebisha sauti, zishushe ziifuate. Kama imeharibika yenyewe kwa yenyewe, nota moja juu nyingine chini, hapo anahitajika fundi wa kuweka sauti, na gharama ni ya kituo. Viti pia: mshiriki akikaa, kiwiko kiwe karibu usawa wa vitufe.

Malipo. Wengi wanaoanza hukosea hesabu kwa sababu wanahesabu muda wanaoonekana. Warsha sita za dakika 90 ni saa 9. Lakini kwa mara ya kwanza utatumia kama saa 2 kuandaa kila warsha, hizo ni 12. Kwenda, kurudi, kufika mapema kupanga viti na kubaki kumjibu anayeuliza, weka saa moja na nusu kila mara, ni 9 nyingine. Jumla 30. Kwa hiyo kiasi watakachokutajia kigawe kwa 30, usikigawe kwa 9, na ujiulize kama kwa saa moja ya kazi hiyo bado kinakufaa. Mkienda mzunguko wa pili maandalizi yatapungua sana, na hapo ndipo kazi hii huanza kulipa. Waulize walimu wawili watatu wa eneo lako wanatoza nini kwa warsha, usiulize bei ya somo la mtu mmoja, ni vitu viwili tofauti.

Njia za kulipwa ni mbili. Kituo kikulipe kiasi kilichopangwa kwa kila warsha, waje watu wawili au sita. Au mgawane ada. Kwa mara ya kwanza chagua ya kwanza. Mgawano unaweza kuleta zaidi, lakini unakubebesha hatari ya matangazo mabaya ambayo si kazi yako. Mambo yaandikwe hata kama mnafahamiana: tarehe, idadi ya juu ya washiriki, siku ya malipo, na nini kinatokea kituo kikiahirisha siku moja kabla. Kuhusu kodi ya mapato, nenda ofisi ya mapato ya unakoishi ukaulize mwenyewe, usitegemee maneno ya wenzako. Na usije ukaacha kazi yako nyingine kwa ajili ya hili. Warsha huja kwa msimu, na walimu wengi ninaowafahamu huziunganisha na masomo ya mtu mmoja mmoja ndipo zitoshe.

Karatasi utakazogawa nazo zina mwenyewe. Kunakili kitabu cha mtu na kuwagawia watu waliolipa ni kosa katika nchi nyingi; Mkataba wa Berne wa 1886, kama ulivyo sasa, kwa kazi nyingi unamlinda mtunzi hadi angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa wiki sita za mwanzo andika mazoezi yako mwenyewe kwa mkono. Nota tano zinatosha kwa mengi.

Na yule mshiriki anayepiga kukuzidi? Pengine hatakuja, lakini akija si adui. Weka swali moja kwenye fomu ya kujiandikisha: umewahi kujifunza ala yoyote, kwa muda gani? Utajua kabla. Ukimkuta, mpe sehemu ya chini ya wimbo ule ule, ashikilie nota tatu pamoja kwa mkono wa kushoto wakati wenzake wanapiga wimbo. Akikuuliza usilolijua, sema hulijui na utamletea jibu Jumamosi ijayo, kisha ulilete kweli. Watu wazima hawamdharau mwalimu kwa hilo. Wanamdharau akibabaisha.

Jipime kwa jaribio hili kabla ya kutia saini. Chukua wimbo mwepesi unaoujua, upige huku ukihesabu mapigo kwa sauti, kisha huku ukizungumza kama unamwelekeza mtu. Mwambie ndugu yako akusimamishe popote, nawe uanze tena pale pale bila kurudi mwanzo. Halafu uupige ukianzia nota nyingine. Ukiyaweza haya matatu, kiwango chako kinatosha kwa wanaoanza. Ukishindwa moja, una wiki kadhaa za kulifanyia kazi, na zoezi hilo litakufaa kuliko kukimbilia mtihani mwingine sasa hivi.

Kuna mahali ambapo barua yangu haitoshi. Tafuta mwalimu mzoefu, umwombe uwe msaidizi wake mara mbili au tatu, hata bila malipo, kazi yako ikiwa kutazama mikono ya wanafunzi tu. Kisha umwombe aje warsha yako ya pili, akae nyuma, aandike. Hutajiona mwenyewe unapoongea mno, na wote tunaongea mno mwanzoni. Mshiriki akilalamika maumivu ya mkono, aache kupiga siku hiyo. Yakirudi, au kukiwa na ganzi, mwelekeze kwa daktari, usimbunie mazoezi. Robert Schumann, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, alipoteza ndoto ya kuwa mpiga piano kwa sababu ya mkono wake wa kulia akiwa bado kijana, kwa hiyo usimwambie mtu avumilie. Na kituo kikikuomba baadaye ufundishe watoto, usianze mpaka kiwe na utaratibu wa kuwalinda: idhini ya wazazi, mtu mzima mwingine karibu, na mlango usiofungwa.

Wajibu kituo wiki hii hii. Waandikie kwamba unakubali warsha sita, watu wazima sita kwa kila warsha, kwa kiasi maalum utakachokitaja kila warsha, nusu ikilipwa kabla ya kuanza. Waombe pia ruhusa ya kuingia chumbani kabla ya Jumamosi ya kwanza. Ukiingia, ipige ile piano ya zamani kitufe kimoja kimoja toka chini hadi juu, uandike vipi havitoi sauti na vipi vinakwama. Vihesabu pia. Piano nyingi za zamani zina vitufe 85, na watu wawili wakikaa pamoja, yule wa upande wa juu ndiye atakayevikosa vile vitatu.